Kidato cha Thelathini na Nane

Jumatano moja ya mwezi wa Februari, siku ambayo jengo letu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, hupata maji kwa mgao, nilikuwa nikipandisha mtungi wa lita 20 kutoka kwenye tangi la chini hadi nyumbani kwetu, ghorofa ya nne. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 14 bila kuifikiria. Nilipoipita ghorofa ya pili na kuanza kupanda kuelekea ya tatu, vidole vya mkono wangu wa kulia vilifunguka vyenyewe. Havikuuma wala havikufa ganzi; viliacha tu kushika. Mtungi ulitua kwa kishindo kwenye kidato cha ngazi, maji yakaruka hadi ukutani, nami nikabaki nimeegemea ukuta huo huo huku moyo ukinidunda masikioni.

Kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akishuka.

"Mzee, wacha nikubebee," alisema, akaunyakua mtungi na kuupandisha kama mtu aliyebeba mkate.

"Asante sana, mwanangu," nikamjibu, nikamfuata mikono mitupu.

Nina umri wa miaka 49.

## Mizani isiyodanganya

Kwa wiki kadhaa sikumwambia mtu. Nilikuwa na maelezo ya kutosha: usiku uliotangulia nilikuwa nimesahihisha insha mpaka saa sita, mpini wa mtungi ulikuwa umelowa, tena sikuwa nimekula cha mchana. Kila mojawapo ya sababu hizo ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyonipa usingizi.

Kilichonisumbua ni kwamba mtungi ni mizani isiyodanganya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mzigo wangu ulikuwa kilo 20 na plastiki yake, na ulikuwa hivyo hivyo nilipohamia jengo hili nikiwa na miaka 35. Ngazi hazijaongezwa wala kupunguzwa. Ikiwa mzigo ni ule ule na njia ni ile ile, basi kilichobadilika ni kimoja tu kilichosalia.

Siku ya tano nilitoa kipande cha chaki mfukoni mwa koti langu la kazi, nikashuka hadi chini, nikaanza kuhesabu. Kutoka uani hadi mlangoni kwetu kuna vidato 64. Maji yalimwagikia kwenye kidato cha 38, na doa lake lilikuwa bado linaonekana ukutani. Nikaweka alama hapo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mwalimu akishika chaki lazima aandike kitu.

## Kutafuta neno

Mimi hufundisha Kiswahili, na kwa mazoea ya kazi yangu nilianza kwa kutafuta jina la jambo lenyewe. Wataalamu wa sayansi ya uzee huitambua hali ambapo akiba ya nguvu hupungua katika viungo vingi kwa pamoja, kiasi kwamba tukio dogo ambalo mwingine angelivuka tu, kama homa ya siku tatu au kujikwaa kwenye kizingiti, humwangusha mtu na asirudi tena alipokuwa. Wengi wanaoandika kuhusu hali hiyo huiita udhaifu. Neno hilo silipendi kwa sababu limebeba lawama nyingi mno. Tunasema udhaifu wa imani, udhaifu wa uongozi, udhaifu wa mwanafunzi katika sarufi. Mimi nimelichagua neno unyong'onyevu. Kunyong'onyea huja polepole, kama mche uliokosa maji, ambao asubuhi ungali umesimama na jioni majani yake yamelala.

Mwaka 2001 daktari Mmarekani Linda Fried na wenzake walipendekeza dalili tano za kuitambua hali hiyo: kupungua uzito bila kukusudia, yapata kilo 4.5 au zaidi katika mwaka mmoja, kujihisi mchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha kimwili. Mwenye dalili tatu au zaidi alihesabiwa kuwa amenyong'onyea. Mwenye moja au mbili alikuwa njiani. Watu waliochunguzwa walikuwa Wamarekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi, nami kwa muda nilijificha nyuma ya umri huo, nikijiambia kwamba nina miaka 16 kabla ya mazungumzo hayo kunihusu.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 ilinisaidia kujificha. Humo, kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35, na mzee ni aliyezidi miaka 60. Kati ya hapo Katiba haina jina la kutuita. Kiswahili kinalo, mtu wa makamo, na ni jina la heshima, lakini ukilitazama kwa makini utaona kwamba miaka hiyo 25 ndiyo miaka ya kulipa karo, ya mikopo ya sacco, ya kuwazika wazazi na kuwapokea wadogo zetu wanaokuja mjini kutafuta kazi. Mwili wa mtu wa makamo hutajwa tu siku ambayo hakuamka kwenda kazini.

Kisha nikakutana na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Uskoti, waliotumia kumbukumbu za Waingereza karibu 494,000 wenye umri wa miaka 37 hadi 73. Asilimia 3 walikuwa wamenyong'onyea kwa kipimo kile kile cha dalili tano, na asilimia 38 walikuwa njiani. Hali hiyo ilionekana hata miongoni mwa wale ambao bado hawajafika miaka 45, hasa wenye maradhi kadhaa kwa pamoja, na miongoni mwa wanaume wa kila rika iliambatana na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Mwaka uliofuata walichapisha wengine, wa mji wa Dunedin nchini New Zealand, ambao wamekuwa wakiwafuatilia watu waliozaliwa huko mwaka 1972 na 1973 tangu wakiwa watoto. Walipofika miaka 45 walipimwa mwendo wao wa kutembea. Wale waliotembea polepole zaidi ndio ambao miili yao, kuanzia mapafu hadi meno, ilionyesha kuchakaa kwa kasi zaidi.

Miaka 45. Niliifunga simu, nikaiweka kifudifudi mezani.

## Nani asiyechoka Nairobi?

Hata hivyo, nilikuwa na shaka, na sioni haya kusema kwamba baadhi ya shaka hizo ninazo hadi leo.

Ya kwanza ni kuhusu uchovu. Katika kipimo cha mwaka 2001, mtu huulizwa ni mara ngapi katika wiki alihisi kwamba kila alichokifanya kilimgharimu jitihada, na ni mara ngapi alishindwa kuanza shughuli zake. Hebu mtu asimame kituoni saa moja ya jioni, mvua ikinyesha na nauli imepandishwa, awaulize swali hilo abiria waliopanga foleni ya kuelekea Eastlands baada ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nani ataacha kuinua mkono? Uchovu wa Nairobi una sababu zake zinazoeleweka, nao si ugonjwa. Niliogopa kuichukua hali ya maisha ya watu na kuivika jina la maradhi.

Lakini nilipoitafakari zaidi niliona tofauti. Uchovu wa foleni huisha Jumapili. Mwaka huu nimekuwa nikiamka Jumapili nikiwa nimechoka kama nilivyolala Jumamosi, na ninapojaribu kukumbuka ni lini nilipanda ngazi zile mpaka juu bila kujishika ukutani, sikumbuki.

Shaka ya pili ni kuhusu uzito. Kwa muda wa miaka sita nimekuwa na kilo 82, hazipungui wala haziongezeki, na watu wa nyumbani wakiniona hunisifu kwamba nimenona, Nairobi imenikubali. Akilini mwetu mtu aliyenyong'onyea ni mwembamba, mashavu yameingia ndani, suruali imefungwa kwa kamba. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kunyong'onyea akiwa na kitambi. Kumbe baada ya miaka 30 mwili hupoteza msuli kidogo kidogo, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka kumi, na kasi huongezeka baadaye. Msuli ukipungua na mafuta yakichukua nafasi yake, mizani ya bafuni haitasema lolote. Kilo 82 za leo si zile za mwaka nilipohamia hapa. Namba ni moja, mtu ni mwingine.

Shaka ya tatu ni ya kazi za mikono, na hii ndiyo inayoniuma. Wanaume wanaosukuma mikokoteni ya maji mtaani kwetu hunyanyua mitungi kama ule wangu mara mia kwa siku. Kama nguvu ingekuwa jambo la kunyanyua tu, wao wangezeeka wakiwa mashujaa. Nawafahamu wawili ambao hawajafika miaka 50 na migongo yao imekwisha kupinda. Mwili unaobebeshwa mzigo bila kupumzishwa na bila chakula cha kutosha haujengeki, hubomoka. Kwa hiyo mtu asinielewe kwamba ninawahimiza maskini wa mji huu wafanye mazoezi. Walio na kazi nyingi kupita kiasi na walio na kazi ya kukaa kitini kama mimi tunaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili.

## "Ni umri tu, Mwalimu"

Mwezi wa Machi nilikwenda kliniki moja ya hapa mtaani. Nilipimwa shinikizo la damu: 152 kwa 96. Nilipimwa sukari: haikuvuka mpaka, ila iliusogelea. Nikapewa dawa za shinikizo na maelekezo ya chumvi, na nilipoueleza mkasa wa mtungi, aliyenihudumia alitabasamu kwa upole akasema, "Ni umri tu, Mwalimu."

Sitaki kuidharau huduma hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hata mara moja. Mimi nilipimwa, nikapata dawa, nikaondoka na karatasi yangu. Pengine mkono uliopimwa siku ile umeniokoa na kiharusi ambacho sitakijua kamwe.

Lakini mkono huo huo haukuulizwa kama unaweza kushika.

Neno "umri tu" lilinifuata hadi nyumbani. Mwaka 2015, katika jarida la kitabibu la Lancet, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wapatao 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini, wenye umri wa miaka 35 hadi 70. Walibana kifaa kidogo cha kupima nguvu za mkono, kisha wakafuatiliwa kwa miaka minne hivi. Kila nguvu ya mshiko ilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa sababu yoyote ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 16, na mshiko ulitabiri kifo vizuri zaidi kuliko shinikizo la damu. Si kwamba vidole vikilegea ndipo moyo husimama. Mkono ni dirisha la kuchungulia hali ya mwili mzima. Hata hivyo, katika ziara zangu zote za hospitali maishani, dirisha hilo halikuwahi kufunguliwa, ilhali sisi ni watu tunaopeana mikono asubuhi, mchana na jioni.

Nilimtafuta mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa rika langu, katika kituo kingine. Aliniketisha kwenye kiti kisicho na mikono, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kuketi mara tano haraka niwezavyo. Sekunde 14. Akanipa kifaa cha kubana. Kilo 30.

"Umepita," alisema. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, huanza kushuku upungufu wa msuli kwa mwanamume akiwa chini ya kilo 27, au akitumia zaidi ya sekunde 15 kwa ule mtihani wa kiti.

Nilishusha pumzi. Yeye hakushusha.

"Mwalimu, mwanafunzi wako akipata alama moja juu ya ile ya kufeli, na muhula uliopita alikuwa wa kwanza, utamwambia amepita?"

Alinieleza kwamba kwa Waingereza, mwanamume wa wastani aliye katika miaka yake ya thelathini hubana kilo 51. Akaongeza, kwa haki, kwamba miili hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na kwamba namba ya London si sheria ya Nairobi. Cha maana kwake hakikuwa mpaka, kilikuwa mteremko: nimetoka wapi, ninaelekea wapi, na kwa kasi gani. Swali hilo hakuna anayeweza kulijibu kwa ajili yangu, kwa sababu hakuna aliyewahi kunipima kabla ya siku hiyo.

Alinifafanulia pia jambo ambalo kliniki haikuliunganisha. Msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Msuli ukipungua, sukari hukosa pa kwenda na hubaki kwenye damu. Sukari na shinikizo vikidumu huharibu mishipa midogo na neva, na miguu iliyokosa neva nzuri hutembea kidogo, na mguu unaotembea kidogo hupoteza msuli. Ni duara. Alisema wagonjwa anaowaona mapema zaidi ni wenye kisukari, walioketi kazini miaka mingi, na baadhi ya wale ambao wameishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, ambao dawa zimewafikisha kwenye umri wa makamo wakiwa hai na ambao sasa wanahitaji kuulizwa maswali mapya.

## Mtungi wa gesi

Jioni ile nilimsimulia mke wangu yote, kuanzia kidato cha 38. Alinisikiliza bila kunikatiza, akiwa amesimama karibu na jiko, kisha akagusa kwa mguu mtungi mdogo wa gesi uliokuwa chini ya meza.

"Unakumbuka tulikuwa na ule mkubwa?"

Nilikumbuka. Tulikuwa na mtungi wa kilo 13, ambao ukijaa, pamoja na chuma chake, huzidi kilo 25. Miaka mitatu iliyopita tuliubadilisha kwa miwili ya kilo 6.

"Kwa sababu ya bei," nikasema.

"Mwalimu, haikuwa bei. Kilo kwa kilo, huu mdogo ni ghali zaidi. Nilikuona umeukalisha ule mkubwa kwenye ngazi mara tatu, ukajifanya unajibu simu. Sikutaka watoto wakuone."

Nilikaa chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyahesabu mambo ya aina hiyo, na orodha ni ndefu. Shuleni, wanafunzi hunibebea madaftari kutoka darasani hadi ofisini. Madaftari 48, kila siku, na aliyepewa kazi hiyo huiona kuwa ni heshima. Kutoka kituoni hadi langoni kwetu ni mwendo wa dakika nane, na kwa miaka minne nimekuwa nikipanda bodaboda. Kijana wa duka huniletea unga mpaka mlangoni. Kwenye matatu huachiwa kiti cha mbele. Kanisani husogezewa benchi. Hakuna hata mmoja aliyenidhulumu. Kila mmoja alinitendea kama mtu wa makamo anavyostahili kutendewa katika jamii yenye adabu, nami nilipokea kila kimoja kama cheti cha maisha niliyoyajenga. Tumelelewa kuamini kwamba mtu aliyefanikiwa habebi. Anabebewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 20, na siku zote nimewaeleza wanafunzi kwamba lawama ni ya mgonjwa anayeficha. Sasa naona kuna hali ambayo methali haikuitaja. Maradhi yangu hayakufichwa na mimi. Yalifichwa na wanaonipenda, kwa heshima na kwa siri, mtungi mmoja baada ya mwingine, mpaka nikawa sina mahali pa kuonea kwamba nguvu zangu zinakwisha.

Na yeye? Nilimuuliza mke wangu, ambaye ana miaka 46, ni nani anayeyaona yake. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba tangu Desemba hajakanda unga wa chapati nyumbani, kwamba chapati zote tulizokula mwaka huu zilitoka kwenye kibanda cha chini, kwa sababu akikanda unga wa watu sita vifundo vya mikono humwishia katikati na hawezi kuumaliza. Nilikuwa nimezila chapati hizo. Nilikuwa hata nimezisifu.

## Madaftari 48

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliandika kuhusu wakazi kumi wa nyumba ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, ambao kwa wiki nane walinyanyua vyuma vizito kwa miguu yao chini ya uangalizi. Mmoja hakumaliza. Wale tisa waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Walipoacha mazoezi kwa wiki nne, walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu zao. Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi. Ni watu tisa tu, na walikuwa na wasimamizi na vifaa ambavyo Umoja haina. Lakini kama msuli wa mtu wa miaka 90 bado unasikia ukiitwa, siwezi tena kujiambia kwamba wangu, wa miaka 49, umekwisha kufanya uamuzi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na pamoja na hizo, angalau siku mbili za kuiimarisha misuli. Hiyo sehemu ya pili ndiyo tusiyoijua. Tukisema mazoezi, tunafikiria kukimbia alfajiri. Kutembea kunafaa sana moyo, lakini hakuufundishi mkono kushika.

Mtaalamu wangu alinipa masharti matatu: nisianze kabla ya dawa kulishusha shinikizo, nisizibe pumzi ninaponyanyua kwa sababu kuziba pumzi hulipandisha shinikizo ghafla, na nianze na nusu ya mzigo. Kwa chakula alinikuta pabaya zaidi. Asubuhi yangu ilikuwa chai na vipande viwili vya mkate, mchana chai na chapati, na maharagwe au nyama vilinifikia usiku tu, siku nilizobahatika. Sasa nakula githeri ya shuleni ambayo kwa miaka mingi niliwaachia wanafunzi, na asubuhi mayai mawili, ambayo yana gramu 12 hivi za protini. Omena nimeirudia. Si gharama ndogo kwa mshahara wa mwalimu, na nimeacha bodaboda ili kufidia.

Jambo gumu lilikuwa madaftari. Mwanafunzi aliyekuwa akinibebea, binti mtaratibu wa dawati la mbele, alikaribia kulia nilipomwambia kwamba nitayabeba mwenyewe. Alidhani amekosea. Tulikubaliana kuyagawa: 24 yake, 24 yangu, na tunatembea pamoja hadi ofisini, akinisimulia riwaya anayosoma. Sikuwa na maneno ya kumweleza kwamba heshima yake ninaihitaji katika umbo jingine.

Nyumbani tumeufanya mtihani wa kiti kuwa sehemu ya jioni. Ugali ukiwa mekoni, mmoja anahesabu na mwingine anasimama na kuketi. Mke wangu alianza na sekunde 16. Sasa anatumia 12, naye ameanza kukanda unga wa chapati tatu.

Mfagiaji wa jengo husugua ngazi kila Ijumaa na kuifuta alama yangu ya chaki. Kila Jumatano naiandika upya mahali nilipofika. Wiki sita za kwanza nilipanda na mtungi wa lita 10, kisha 15. Jumatano iliyopita, wiki ya kumi na moja, niliujaza ule wa lita 20. Yule kijana wa jirani alinikuta ghorofa ya pili, akanyoosha mkono kunipokea, nami nikamwomba atangulie tu anifungulie mlango. Niliuweka mtungi chini kwenye kidato cha 51. Haukuanguka, niliuweka. Nikainama kuandika.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mtungi wake wa lita 10, vidato vinane chini. Aliutua, akapangusa mikono kwenye leso.

"Nipe hiyo chaki," akasema.